Risasi Isiyo Risasi: Penseli, Kinywe cha Ruangwa na Safari ya Jina Lililopotea Njia

Wengi wetu tulikanywa utotoni tusitafune penseli. Tuliambiwa kuwa ndani yake mna risasi, na risasi ni sumu. Aliyetukanya alikuwa na nia njema, tena alikuwa na ushahidi wa lugha: wazee waliiita penseli kalamu ya risasi, na jina hilo limo kwenye kamusi za Kiswahili hadi leo. Hata hivyo, katika kile kijiti cheusi kinachoandika hamna risasi hata chembe, wala haijawahi kuwamo. Kilichomo ni kinywe, madini ambayo wengi huyaita grafaiti, yakiwa yamesagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kama risasi iliwahi kuwa kwenye penseli, ilikuwa kwenye rangi ya nje ya penseli za zamani.

Kwa mtoto anayesoma Chunyu, kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, kosa hili la jina lina uzito wa pekee. Ruangwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa kinywe. Mtoto huyo anaandika kwa kinywe, kwenye wilaya yenye kinywe ardhini, huku jina la zamani la kalamu yake likimwambia kuwa anaandika kwa risasi.

Jina hilo lilipotea wapi njia? Ili kujibu, yatupasa tufuate neno moja la Kiingereza lenye maana nyingi, tulikutanishe na wenzake wa Kituruki, lugha ambayo nayo huiita penseli kalamu ya risasi, kisha turudi nalo nyumbani.

Umbo moja, maana nyingi

Tuanze na jina la mahali penyewe. Mtu wa pwani akisikia "chunyu" hufikiria ile chumvichumvi inayobaki mwilini baada ya kuoga baharini, au maji yenye ladha ya chumvi. Mtu wa Ruangwa hufikiria kata ya wilaya yake. Mtu wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, naye anayo Chunyu yake. Sauti ni ileile, lakini kila mmoja ameona picha tofauti.

Wanaisimu hutenganisha hali mbili hapa. Ya kwanza ni homonimia, pale maneno tofauti yanapofanana umbo bila kuwa na undugu. "Kaa" la moto, "kaa" wa baharini na kitenzi "kaa" hawana babu mmoja. Ya pili ni polisemia, pale neno moja linapozaa maana zinazohusiana. Kichwa cha mtu, kichwa cha treni na kichwa cha habari ni matawi ya shina moja: kila kimoja kiko juu au mbele, na kinaongoza vilivyobaki. Jina polisemia lilitolewa na mwanaisimu Mfaransa Michel Bréal mwaka 1897. Mwaka 1945 Mmarekani George Kingsley Zipf alionyesha kuwa maneno yanayotumika sana ndiyo yenye maana nyingi. Neno ni kama jembe la nyumbani. Likiwa karibu na mkono, hulimia, huchimbia na kuparulia.

Kwa hiyo wingi wa maana si udhaifu wa lugha. Lugha isiyotumia neno moja kwa kazi kadhaa ingehitaji msamiati ambao hakuna kichwa cha binadamu kingeubeba.

"Lead" ya Kiingereza na ndugu zake wa Kituruki

Sasa tulitazame neno la Kiingereza "lead". Kwa maandishi ni moja. Kwa sauti ni mawili. Likitamkwa "lid" kwa kuvuta irabu, lina maana ya kuongoza na watoto wake wote. Likitamkwa "led", ni metali nzito ya kijivu, yaani risasi. Asili zake ni mbalimbali, na tahajia ndiyo iliyoyakutanisha. Hiyo ni homonimia ya maandishi. Lakini hilo la kwanza, la kuongoza, lenyewe limejaa polisemia.

Mturuki anayelitafsiri hana neno moja la kulijibu. Kiongozi akiongoza watu, Mturuki atasema "yönetmek" au "önderlik etmek". Jambo likisababisha jambo jingine, atasema "yol açmak", na maana yake neno kwa neno ni kufungua njia. Mhusika mkuu wa filamu, ambaye vijana wetu humwita steringi, anashika "başrol", nafasi ya kichwa. Kamba ya kumshikia mbwa ni "tasma". Fununu inayompeleka mpelelezi kwa mhalifu ni "ipucu", yaani ncha ya uzi: ukiishika, unavuta hadi ufike kwenye fundo. Na ile metali nzito ni "kurşun".

Kiswahili nacho huligawa neno hilo kwa njia yake. Tunaongoza mkutano, njia inaelekea Nachingwea, uzembe unazaa ajali, mkimbiaji yuko mbele, mpelelezi amepata fununu. Kila lugha imepasua gogo lilelile kwa namna yake. Ndiyo maana mfasiri mwema hatafuti neno linalolingana na neno, bali hutazama sentensi nzima kabla hajaamua.

Lakini tunapofika kwenye "kurşun", Kituruki na Kiswahili vinakutana mahali ambapo Kiingereza hakipo. Kwa Kituruki, "kurşun" ni metali na pia ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki. Kwa Kiswahili, "risasi" ni metali na pia ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki. Mwingereza ana maneno mawili yasiyohusiana. Sisi na Waturuki tumelipa tunda jina la mti wake, kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuona risasi ikiyeyushwa: metali hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu za Selsiasi, joto ambalo moto wa mkaa hulifikia bila shida, na ni nzito kuliko chuma. Kwa karne nyingi watu waliweza kuzitengeneza risasi kwa kuimimina katika kalibu ndogo.

Risasi, maji na kumbukumbu ya kusini

Mkoa wa Lindi unalijua neno hili kwa uchungu. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi, wapiganaji walipewa dawa ya maji waliyoamini ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwezi Agosti mwaka huo vita vilifika kwa Wamwera, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikashambuliwa. Oktoba 1917, katika vita vya kwanza vya dunia, Mahiwa, karibu na Nyangao, palipiganwa mojawapo ya mapambano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki. Kwa watu wa huku, "risasi" ilikuja kwa mlio kwanza. Metali ilikuwa maana ya pili.

Huko Uturuki, risasi na maji vilikutana kwa namna nyingine. Ipo mila iitwayo "kurşun dökmek", kumimina risasi. Mtu anayedhaniwa kupatwa na kijicho hufunikwa kitambaa, kisha risasi iliyoyeyushwa humiminwa kwenye chombo cha maji juu ya kichwa chake, na mabonge yanayoganda husomwa kama ishara. Watu wa mbali, wasiojuana, waliyaweka maji mbele ya risasi wakitafuta kinga. Neno moja hubeba metali, silaha na hofu kwa pamoja, na hakuna kamusi inayoweza kuvitenganisha kabisa.

Kosa lililoanzia mlimani Uingereza

Turudi kwenye penseli. Zamani, kabla ya kinywe kujulikana Ulaya, waandishi walitumia vijiti vya risasi halisi kuchora mistari hafifu. Katika karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini ya Uingereza, ikapatikana mbale ya kinywe safi kuliko kawaida. Wachungaji wa huko walitumia mabonge yake kuwatia kondoo alama. Kiliandika kama risasi, ila kwa weusi ulioiva zaidi, na watu wakahitimisha kuwa ni jamii ya risasi. Wakakiita risasi nyeusi. Wasomi wakakipa jina la Kilatini "plumbago", kutokana na "plumbum", yaani risasi, neno ambalo wanafunzi wa kemia hulikuta hadi leo katika alama Pb. Mwaka 1565 Mswisi Conrad Gessner alikieleza chombo cha kuandikia chenye kipande cha madini hayo ndani ya mti.

Jina likasafiri kuliko madini yenyewe. Wajerumani waliita penseli "Bleistift", kijiti cha risasi. Waturuki wakasema "kurşun kalem". Waarabu wakasema "qalam rasas". Nasi, ambao neno letu "risasi" na neno letu "kalamu" yote yametoka kwa Waarabu, tukasema kalamu ya risasi. Kila mmoja alimtafsiri mwenzake kwa uaminifu kabisa, na kwa uaminifu huo kosa likavuka bahari.

Ukweli ulikuja kutoka maabara. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi Sweden, alionyesha kuwa plumbago si risasi bali ni jamii ya mkaa. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner aliipa jina jipya, grafaiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, ambaye nchi yake ilikuwa vitani na Uingereza na haikuweza kupata kinywe cha Borrowdale, akapata hati ya ubunifu wa kusaga kinywe duni, kukichanganya na udongo na kukichoma tanuruni. Penseli za leo zinatengenezwa kwa njia hiyo. Sayansi ilisahihisha kosa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Lugha hazikubadilika kwa haraka hiyo.

Kilichomo ndani ya kijiti cheusi

Kinywe ni kaboni, elementi ileile ya mkaa wa jikoni na ya almasi ya Mwadui, Shinyanga. Tofauti iko katika mpango wa atomu. Ndani ya almasi, kila atomu imeshikana na nyingine nne pande zote, na ndiyo sababu almasi ni ngumu kupita madini mengine. Ndani ya kinywe, kila atomu imeshikana na tatu tu, zikafanya pembesita zilizoungana kama sega la nyuki, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya tabaka mshikamano ni wa nguvu sana, lakini kati ya tabaka na tabaka ni hafifu. Nafasi iliyopo ni nanomita 0.335. Unapoandika, tabaka huteleza na kubaki kwenye karatasi. Kila herufi ni rundo la maganda ya kaboni.

Mwaka 2004, huko Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia utepe wa gundi kubandua kinywe hadi wakapata tabaka moja lenye unene wa atomu moja. Tabaka hilo linaitwa grafini, na kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Ukitaka kuona jinsi kinywe na risasi visivyo ndugu, vilinganishe. Bonge la risasi lina uzito wa takriban mara tano ya bonge la kinywe la ukubwa uleule. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, ilhali kinywe hustahimili zaidi ya 3,000, na ndiyo maana vyungu vya kuyeyushia metali hutengenezwa kwacho. Risasi ni sumu kwa mwili. Kinywe kwenye ncha ya penseli hakina sumu hiyo.

Kilima chini ya darasa

Kinywe cha Ruangwa kina historia ndefu kuliko lugha zote. Kusini na mashariki ya Tanzania ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, eneo ambalo mabara ya kale yaligongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Matope ya kale yaliyojaa mabaki ya viumbe yalizikwa kina kirefu, yakapikwa kwa joto na kubanwa kwa kani kubwa. Udongo ukageuka mwamba mgumu wenye kumetameta, na mabaki ya viumbe yakawa magamba ya kinywe. Mkanda huohuo ndio wenye kinywe cha Mahenge, na pia cha Mererani, ambako tanzaniti hupatikana kwenye miamba yenye kinywe.

Huko Ruangwa, majina ya miradi ya kinywe kama Lindi Jumbo na Nachu yamesikika kwa zaidi ya miaka 10. Dunia inayatafuta magamba hayo kwa sababu ya betri. Ndani ya betri ya simu au ya gari la umeme, upande mmoja umejengwa kwa kinywe. Unapochaji, chembe za lithiamu hujipenyeza katikati ya tabaka zile za pembesita, chembe moja kwa kila atomu sita za kaboni, zikakaa kama vitabu kwenye rafu. Unapotumia simu, hutoka na kurudi zilikotoka. Gari moja la umeme huhitaji makumi ya kilo za kinywe. China ndiyo inayotawala usafishaji wake, na mwezi Desemba 2023 ilianza kudai kibali cha kukiuza nje, hatua iliyowafanya wanunuzi wengi waitazame Afrika Mashariki kwa makini zaidi.

Na hapa majina mawili yaliyochanganywa yanakutana tena, safari hii kila moja mahali pake. Betri nzito ya gari la kawaida, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina sahani za risasi. Betri nyepesi ya simu ina kinywe. Asiyejua tofauti ya majina hawezi kujua ipi ina sumu ya risasi na ipi ina madini kama yale ya kilima cha jirani yake.

Ubongo huchagua, mashine hubahatisha

Mtu anawezaje kusikia "risasi" na kujua papo hapo ni ipi? Mwaka 1979 mwanasaikolojia David Swinney aliwasikilizisha watu sentensi zenye neno la Kiingereza lenye maana mbili, mdudu na kinasa sauti cha siri. Aligundua kuwa hata sentensi ilipohusu wadudu waziwazi, maana zote mbili ziliamka akilini kwa muda mfupi mno. Baada ya silabi chache, ile isiyofaa ilizimika. Ubongo hufungua milango yote, kisha hufunga ile isiyohitajika kabla mwenyewe hujatambua.

Kompyuta hazikuwa na uwezo huo. Mwaka 1949 Warren Weaver alipendekeza kuwa mashine ya kutafsiri itazame maneno yaliyo jirani na neno tata. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel alijibu kwa mfano wa neno la Kiingereza "pen", ambalo ni kalamu na pia ni kizimba cha mtoto. Aliuliza mashine itajuaje kuwa kisanduku kimo kizimbani na si ndani ya kalamu, ikiwa haijui ukubwa wa vitu. Leo mashine zimeendelea mno kwa kujifunza kutoka maandishi mengi. Ila Kiswahili kina maandishi machache mtandaoni kuliko Kiingereza, na sentensi za Kiswahili kuhusu kinywe ni chache zaidi. Mashine hujifunza kwa kile tulichoandika. Tusipoandika, itaendelea kubahatisha.

Jina linapogusa damu

Kuna mahali ambapo kuchanganya maana kunaumiza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuta risasi katika damu ya mwanawe, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mzazi anayeijua risasi kama kitu cha bunduki peke yake atawezaje kuiogopa ikiwa vumbi lisilo na mlio? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi ifikapo mwaka 2006, lakini rangi za zamani na betri chakavu bado zipo majumbani mwetu.

Hivyo tumeogopa pasipo hatari, kwenye penseli, na kusahau kuogopa penye hatari, kwenye betri ya gari inayovunjwa uani.

Naona dawa iko mikononi mwetu, na ni nyepesi. Waandishi wa afya waseme "madini ya risasi" kila wanapozungumzia sumu, ili msikilizaji asifikirie bunduki. Walimu wa sayansi wa sekondari, wanaofundisha kwa Kiingereza, watumie dakika mbili kueleza kuwa "lead" ya penseli ni jina la kosa la kale, na kwamba jina la kitu chenyewe ni kinywe. Na mwalimu wa Chunyu ana maabara ambayo shule nyingi za dunia hazina: achonge penseli mbele ya wanafunzi, aweke pembeni jiwe lenye magamba meusi yanayong'aa, alisugue jiwe hilo kwenye karatasi. Mstari utakaotokea utafanana na ule wa penseli. Mtoto aliyeuona mstari huo atajua anaandika kwa kitu gani, na siku mtu atakapokuja kununua kilima cha kwao, atajua kinaitwaje na kinafanya kazi gani.